Uzi, Unyoya na Jiwe la Mtoni

Nzi wa kwanza niliyemfunga alifanana na mswaki uliochakaa. Ntate alimgeuza mara mbili chini ya taa, akachukua wembe, akakwangua nyuzi na manyoya yote hadi ndoano ikabaki tupu kama ilivyotoka dukani. Akairudisha kwenye jiriwa. "Tena," akasema.

Ilikuwa Desemba, Midrand, ndani ya banda la gari la jirani ya dada yangu. Nilikuwa nimekwenda likizo ya wiki tatu. Shemeji ni mkalimani. Kazi yake iko Bunge la Afrika, lililoweka makao Midrand mwaka 2004 na ambalo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Kwa hiyo Mswahili akifika pale hakosi wa kumsabahi. Lakini Desemba mji huo hupoa. Watu wametawanyika kwenda kwao Limpopo, KwaZulu-Natal na Eastern Cape, na kinachobaki ni magari ya barabara kuu ya N1 kati ya Johannesburg na Pretoria, minara minne ya msikiti wa Nizamiye, na ngurumo za alasiri. Siku ya tatu nilikuwa nimeshamaliza kuzunguka Mall of Africa. Siku ya nne nikamwona jirani kupitia mlango wa banda lake, kainama mezani kama sonara.

Ntate ni neno la Kisotho la kumwita mwanamume mzima kwa heshima, kama sisi tunavyosema Baba au Mzee. Mtaa mzima unamwita hivyo, nami sikumtafutia jina jingine. Yeye aliniita ngwanaka, mwanangu. Nilipomwambia dada kwamba nimepata mwalimu wa uvuvi wa nzi, alicheka hadi akaketi. "Yaani umetoka Tanga, umeacha changu na kolekole, umepanda ndege kuja Midrand kuvua nzi?"

Nzi havuliwi, ndiye anayevua. Ni mdudu bandia, ndoano ndogo iliyovishwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki amdhanie chakula. Uvuvi wake una jambo moja linalouweka mbali na uvuvi wa mshipi tuliokulia nao. Kwetu uzito uko kwenye chubwi: unazungusha, unarusha, na risasi inaburuta mshipi pamoja na chambo. Nzi hana uzito wa maana. Ukimrusha peke yake atakuangukia miguuni. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Ufito unaupeleka mshipi nyuma, unaunyoosha hewani, kisha unaurudisha mbele, na nzi anafuata mwishoni kama mkia wa tiara. Kati yake na mshipi mnene kuna uzi wa nailoni unaozidi kuwa mwembamba, ili samaki asione kamba iliyomfikisha mdudu pale.

Si ujanja wa jana. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika juu ya wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonivutia. Mdudu aliyependwa na samaki wa mto wao hakufaa kuwa chambo, kwa kuwa ukimgusa tu rangi yake hupotea na mabawa yake hunyauka. Kisichoshikika kikabidi kitengenezwe.

Meza ya Ntate ilikuwa ushahidi wa kazi hiyo. Palikuwa na ngozi kavu za shingo za majogoo, wekundu, weusi na wa kijivu. Unyoya wa tausi ambao nyuzi zake hung'aa kama mgongo wa mende. Manyoya ya kanga yenye madoa. Kipande cha ngozi ya sungura. Waya wa shaba mwembamba kama unywele. Na kikopo cha vishanga vizito vya kumzamisha nzi hadi chini. Palikuwa pia na nywele za mbuzimawe, yule paa mdogo anayerukaruka kwenye majabali. Kila unywele wake una uwazi ndani, unashika hewa, na ndiyo maana nzi aliyefungwa kwa nywele hizo huelea. Kulikuwa na fungu la manyoya laini yanayoitwa marabu, jina la korongo yule mwenye kipara ambaye watu wa Kampala wanamwita kaloli na wanamwona kila siku juu ya majalala. Zamani yalikuwa manyoya yake kweli. Siku hizi hutoka kwa bata mzinga, jina likabaki.

Nzi nao wana majina na ukoo. Afrika Kusini inao wake: DDD wa Bill Duckworth, aliyebeba jina la Dargle, eneo la KwaZulu-Natal, Zak wa daktari na mwandishi Tom Sutcliffe, na RAB wa Tony Biggs wa huko Cape, ambaye jina lake kamili si la kuandikwa mbele ya wakubwa. Ntate aliwataja kama mtu anayetaja majirani. Mimi akanianzisha na Woolly Bugger, nzi mnene wa Kimarekani mwenye mkia wa marabu, ambaye karibu kila mwanafunzi huanza naye kwa sababu anasamehe makosa. Yule mswaki ndiye huyo.

Siku ya pili ya masomo akaniingiza kwenye kazi ndogo zaidi: buu la mtoni, kwenye ndoano namba 14. Namba hizi huenda kinyume. Kadiri zinavyopanda ndoano inapungua, na kwenye 14 nilikuwa tayari nimevaa miwani. Kwanza kishanga kinapitishwa hadi shingoni mwa ndoano. Uzi unaanzia nyuma yake, unajikanyaga wenyewe ili usitoke, unashuka hadi pale chuma kinapoanza kupinda. Hapo unakaza nyuzi tatu nne za unyoya wa jogoo. Huo ndio mkia. Unakaza waya wa shaba. Kisha unachukua manyoya ya sungura, unayasokota kwenye uzi kwa kidole gumba na cha shahada, uelekeo mmoja tu, mpaka uzi unakuwa kama utambi. Utambi huo unauzungusha kurudi mbele, ukinenepa kidogo kidogo, ndio mwili. Waya unaufuata kwa kuzunguka kinyume, nafasi sawa kwa sawa, nao unakuwa mapingili ya tumbo na papo hapo unaulinda mwili usifumuliwe na meno au mawe. Kifuani unaongeza manyoya machafumachafu yawe miguu. Mwisho fundo la kujizungushia, tone la vanishi, basi.

Kwa kusimulia ni dakika moja. Kwangu ilikuwa saa nzima, na matokeo yake yalikuwa mdudu aliyekula akashiba. Kosa langu lilikuwa wingi. "Chukua manyoya unayodhani yanatosha," Ntate aliniambia. "Gawa nusu. Nusu hiyo igawe tena. Sasa anza." Kwa uzi alikuwa mkali zaidi. Akiona nimezungusha mara saba mahali panapohitaji mara tatu, aliuliza zile nne zinafanya kazi gani. Sikuwa na jibu, na wembe ukafanya yake.

Mikono yake nikaikumbuka, ingawa sijawahi kuiona kabla. Ilikuwa mikono ya bibi yangu. Yeye alisuka ukili barazani huku akizungumza, akinuna, akiwafukuza kuku, bila kuutazama. Ilipotokea miyaa imekosea njia, vidole vilijua kabla ya macho. Na alipofumua, alifumua hadi pale kosa lilipoanzia, wala si pale lilipoonekana. Utotoni niliona ni ukaidi, kuharibu kazi nzuri kwa ajili ya kosa ambalo mnunuzi hatalitambua. Nilipofika kwenye jiriwa ya Ntate ndipo nikaelewa kwamba mnunuzi hakuwa akifikiriwa kabisa wakati ule.

Jioni moja ya mvua akanisimulia alivyojifunza. Alipokuwa kijana aliajiriwa katika duka la vifaa vya uvuvi mjini Johannesburg, kufagia. Mfungaji wa duka alipoondoka, yeye akakaa kwenye kiti chake. Alifunga nzi nyuma ya duka kwa miaka mingi, mbele wateja wakiwanunua na kwenda nao mitoni ambako mtu mweusi, katika enzi zile, hakukaribishwa kukaa na ufito. Alifunga kwa kunakili: anapewa nzi mmoja wa mfano, anatoa dazani tano wanaofanana naye. Hakujua ni mdudu gani anayemwiga. Alijua vipimo tu.

Alishapita miaka arobaini mteja mmoja alipompeleka mto Vaal kumbebea mizigo. Mchana akapumzika ukingoni, akainua jiwe kutoka majini bila sababu, kama mtu anavyochezea kijiti. Chini ya jiwe akatembea mdudu mwenye mikia myembamba, tumbo la mapingili, kifua kizito. "Nilimjua," aliniambia. "Nilikuwa nimemtengeneza maelfu. Nikageuza jiwe jingine, na jingine. Wote nawajua. Nikakaa pale nikaona haya, kama mtu aliyeandika barua maisha yake yote bila kujua kusoma."

Kisha akafungua droo akanitolea pakiti ya nzi aliyoinunua miaka iliyopita ili aichunguze. Kazi safi, kila mmoja pacha wa mwenzake. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa Kenya. "Hawa ni wenzangu," akasema. "Umewahi kuwaona?"

Sikuwahi, na nilijua kidogo tu. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazoifungia dunia nzi hawa. Mafundi wake wanaketi kwenye safu za jiriwa na kazi yao inauzwa Uingereza na Marekani, pengine kwa mvuvi ambaye hawezi kuionyesha Kenya kwenye ramani. Chanzo chake ni samaki mgeni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wake wakaachiwa mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Walowezi walitaka samaki wa kwao. Kisha wakataka nzi wa kumvulia. Na mikono ya Wakenya ikajifunza. Walowezi wengi wakaondoka, ufundi ukabaki.

Afrika Kusini nako trauti aliletwa na Waingereza katika karne ya 19, na mpaka leo watu wanabishana kama ni fahari ya mito ya milimani au mvamizi wake. Ntate hana ugomvi naye, ila moyo wake uko kwa mwenyeji: samaki wa manjano wa Vaal, *Labeobarbus aeneus*. Ndugu yake tunaye Ziwa Victoria, *Labeobarbus altianalis*, ambaye Waganda wanamwita kisinja.

Kabla ya kunipeleka Vaal alinipeleka Jukskei, bila ufito. Mto huo unaanzia katikati ya Johannesburg, unapita Alexandra, unapita kandokando ya Midrand, unaingia mto Crocodile kuelekea bwawa la Hartbeespoort, na njiani unapokea majitaka ya mji mkubwa. Harufu ilitulaki kabla ya maji. Tuligeuza mawe kama kumi. Tulipata minyoo na vibuu vyekundu vya visubi, basi. Kuna kipimo cha Afrika Kusini kiitwacho miniSASS ambacho hata mtoto wa shule anakiweza: unawakusanya wadudu wa mtoni, unawapanga kwa makundi, na kila kundi lina alama zake. Minyoo, wanaovumilia lolote, wana alama ndogo; wadudu wasiostahimili uchafu wana alama kubwa. Wastani wa alama hizo unakwambia afya ya mto. Ntate hakuhitaji karatasi. "Hapa hakuna wa kumfunga," alisema, tukaondoka.

Kurusha nilijifunzia kwenye nyasi za mtaani, watoto wa majirani wakiwa hadhira. Mwalimu alinieleza kwa Kiingereza, kama wanavyoelezwa wanafunzi wote, kwamba ufito ni mshale wa saa: utembee kati ya kumi na mbili. Nikalitafsiri kichwani neno kwa neno, kumi na mbili, na papo hapo nikapotea, maana hiyo kwetu ni namba moja tu, ile ya juu kabisa. Tena mshale ukiwa pale sisi tunasema ni saa sita. Nikausimamisha ufito wima kama mlingoti. Ntate hakujua nilichokuwa nikicheka. Baadaye nikaupata kwa njia yangu: kati ya saa nne na saa nane, na katikati kuna subira. Mshipi ukienda nyuma lazima uungoje unyooke. Huuoni, uko nyuma ya kisogo. Unausikia mkononi kama mtu aliyekuvuta nguo. Ukiuwahi, unalia kama kiboko na nzi anakatika. Nilikata nzi sita. Wote niliwafunga mwenyewe, kwa hiyo najua thamani ya kila mmoja kwa saa.

Jumamosi ya mwisho tukashika N1 kuelekea kusini, mwendo wa saa moja na nusu hivi, hadi Parys. Mji huu mdogo wa Free State umekaa ndani ya Vredefort Dome, alama ya kimondo kilichoipiga dunia miaka takriban bilioni mbili iliyopita, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Vaal hapo hugawanyika kwenye visiwa na maporomoko madogo. Jina lake kwa Kiafrikaans ni la rangi iliyofifia. Wasotho wanauita Lekwa. Siku ile maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilidhani tutaanza kuvua. Ntate aliingia maji ya magoti, akainama, akanipa jiwe. Upande wa chini ulikuwa umejaa uhai: vibuu vya kijani ndani ya vijumba walivyojijengea kwa changarawe, na kati yao, akikimbia mwanga, mdudu wa mapingili mwenye mikia myembamba. Nilimjua. Nilikuwa nimemfunga mara ishirini na mbili, vibaya. Na hapo ndipo nilipoona kosa ambalo wembe wote wa Midrand haukunionyesha: wangu walikuwa wanene kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba mdudu huyu anaishi akigandamizwa na maji yanayokwenda kasi. Wembamba wake ndio uhai wake. Mnene angesombwa.

Niliketi kwenye mwamba, nikafungua kijiriwa cha safari, nikamfunga wa ishirini na tatu huku jiwe likiwa pembeni, bichi. Nilitumia robo ya manyoya. Ntate alimtazama, akambana kijino cha ndoano kwa koleo ili samaki asiumie sana, akamrudisha kwangu bila neno.

Mchana ulipita bila kitu. Alasiri mshipi ukasita kidogo, kama umegusa jani, nikanyanyua, na jani likaanza kupanda mto. Alikuwa wa kilo moja hivi, magamba ya dhahabu iliyotiwa moshi, mdomo mdogo umeelekea chini kama wa mtu anayenong'ona. Tulimshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka akajiondokea. Hukua polepole, Ntate alieleza, na anayemla mmoja amekula miaka mingi. Nilimpigia mjomba Tanga usiku ule. "Umevua, ukarudisha?" aliuliza. "Basi hujavua." Kwa sheria za jahazi lake, ana haki.

Nimerudi nyumbani na nzi yule. Yuko kwenye kofia, ameanza kupauka. Lakini ninapomtazama simfikirii samaki. Nafikiria ile pakiti ya Kenya. Mafundi wale wanaijua nusu ya ufundi huu vizuri kuliko wengi wanaonunua kazi yao. Nusu ya pili iko kwenye Gura na Sagana, mito iliyo nchini mwao. Kama kuna mmoja wao ambaye hajawahi kuuona mto anaoufungia, basi mwenye karakana, mwenye basi na mwenye kibali cha mto wakubaliane Jumamosi moja tu. Ufito si lazima. Wapelekeni wakageuze jiwe.